Ngamia Wangu Alisikika Lafey

Hodan, aabo,

Amani iwe juu yako, na juu ya huo mkoba wako ambao tangu asubuhi unakataa kufungika. Nimewasikia wewe na mama yako mkiukalia kwa zamu. Ukiwashinda kabisa niiteni. Hakuna mzigo katika Garissa nzima uliowahi kunishinda kufunga, uwe juu ya ngamia au juu ya lori.

Nimekaa nyuma ya zizi, kwenye kivuli, swala ya alasiri imepita. Najua utashangaa kuona karatasi hii. Baba yako na kalamu! Lakini usisahau kwamba katika lile darasa la ngumbaru mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza, na aliyenifuata alikuwa mbali nami kama Mandera ilivyo mbali na bahari. Mwalimu alisema mkono wangu ni mzito lakini haukati tamaa. Kiswahili ndicho nilichofundishwa kuandika, basi kwa Kiswahili nakuandikia. Kisomali changu ni cha mdomo, hakijawahi kulala kwenye karatasi. Maneno machache tu nimeyaacha kama yalivyo: mama yako ni hooyo, na wewe unaniita aabo, na mimi nakuita aabo. Baba na mtoto, jina moja. Sijaona watu waliotushinda kwa hilo.

Utauliza, mzee, si ungenitumia sauti kwenye simu kama ulivyozoea? Ningeweza. Lakini kila nikitaja kutuma sauti, hooyo wako hunitazama kwa jicho lile unalolijua. Na sababu unaijua pia. Kisa cha ngamia wetu Deero umekisikia kwa hooyo, ambaye hukisimulia vibaya, na umekisikia kwa binamu zako, ambao hawafiki mwisho kwa kucheka. Kwangu mimi mwenyewe hujawahi kukisikia. Leo utakisikia kwa mwenyewe.

Mambo ya kila siku siandiki. Sweta, dawa ya kifua, nani wa kumpigia gari likiharibika njiani, hayo yote hooyo amekwambia mpaka umeyaota. Mimi nina jambo moja.

Kesho alfajiri utavuka daraja la Tana kwa mara ya pili kwenda kusomea ukunga. Mara ya kwanza ulirudi umeinamisha kichwa. Chuo kilisema hukufaulu, lakini wakakubali urudie mwaka, na wakasema nafasi nyingine baada ya hii haipo. Ulituambia mitihani ilikuwa migumu. Mimi nikasema sawa. Hooyo hakusema sawa. Akangoja mpaka siku moja mko wawili mnakamua, mikono imeshughulika na macho hayaonani, ndipo ukamwambia ukweli: kwamba usiku ulikuwa unafungua simu utazame video moja ulale, na ukiinua macho ni adhana. Kwamba darasani mwalimu akizungumza, wewe ulikuwa unasikia kidole chako kinakuwasha. Hooyo akaniambia. Usimkasirikie, siri nzito hubebwa na wawili.

Sasa yeye amenunua kabambe, ile simu ndogo ya kupiga na kupokea tu, anataka uende nayo, na simu yako kubwa ibaki sandukuni. Mimi nimekataa. Tumebishana tangu juzi mpaka majirani wamejua upande wa kila mtu. Watu wanasema ni ukaidi wangu. Ukaidi upo, siukatai, niliurithi na nimeutunza. Lakini chini yake kuna sababu, na sababu yenyewe ni Deero.

Unamjua Deero. Jina lake ni la swala wa porini, kwa ile shingo. Ngamia kama yule hayuko kutoka hapa mpaka Diff. Walionibishia walikuja wakamwona wakanywa maziwa yake wakanyamaza. Mwaka ule alipokuwa na mimba, binamu yako wa mjini aliniletea simu ya kupangusa. Nikamwambia, warya, wewe kijana, mimi nimetembea nchi hii usiku kwa nyota, chombo hiki kitanionyesha nini? Baada ya wiki nilikuwa siwezi kunywa chai bila kukitazama.

Maana waliniingiza kwenye kundi la ukoo. Unajua kulikuwa na wazee kutoka kila mahali: Wajir, Mandera, hata mmoja yuko ng'ambo anakoishi na theluji na bado anabishana kuhusu visima. Kuandika kwa kidole kulinishinda, vile vitufe ni vya watu wenye vidole vya kuku. Lakini kusema! Unabonyeza, unasema, unaachia, na sauti yako imefika kwa watu wote. Aabo, nilizaliwa kwa ajili ya chombo kile. Walikuwa wakiningoja. Mtu akisema uongo kuhusu ngamia, wengine wanasema, subirini mzee wa Garissa aamke.

Na alikuwako Hussein wa Lafey. Sijawahi kumwona kwa macho hata leo. Siku hiyo mchana akatuma sauti, akasema: "Ewe mzee wa Garissa, ngamia wako wanakunywa maji ya mto kama ng'ombe. Ngamia asiyejua kiu ana kitu gani cha kujivunia?" Watu wakacheka, wakatuma zile nyuso za manjano zinazotoa machozi.

Wewe ulikuwa shule, hooyo alikuwa mjini kuuza maziwa. Mimi nilikuwa na ngamia malishoni, karibu na kile kichuguu ambapo mtandao unashika vizuri. Na Deero tangu asubuhi hakuwa sawa. Kiwele kimejaa, anakaa, anainuka, anageuza shingo kutazama mkia wake. Niliona. Sitasema sikuona, macho yangu hayajawahi kukosa kitu. Nilijisemea: leo au kesho. Na unajua ngamia anapotaka kuzaa hujitenga, huenda mbali na wenzake vichakani, na kazi ya mchungaji siku hiyo ni moja tu, kumfuata kwa mbali na kukaa. Hufanyi kitu. Unakaa tu, ili fisi ajue kuna mtu.

Lakini nilikuwa na jibu la Hussein mdomoni.

Nikapanda kichuguu. Nikabonyeza. Nikamjibu, na wallahi lilikuwa jibu. Nilimwambia ngamia wa Lafey wana mbavu nyingi kuliko maziwa, kwamba huko kwao ndama akizaliwa huwaomba radhi majirani kwa kuongeza mdomo. Nikataja ukoo wa ngamia wangu, mama na mama wa mama. Nikamtaja Deero mwenyewe, uzuri wake, shingo yake, maziwa yake. Nikafumba macho ili maneno yaje vizuri. Nilisema mpaka koo likakauka, nikaachia, ikaenda.

Kisha nikakaa kungoja sifa.

Kundi lilinyamaza. Hakuna nyuso za manjano, hakuna kitu. Nikajua nimewamaliza. Nikakaa pale juu ya kichuguu kama mfalme, namngoja Hussein akubali. Jua lilikuwa linashuka. Mara simu ikaita, ni yeye, kwa mara ya kwanza ananipigia. Nikajua anakuja kuomba amani. Nikapokea nikicheka.

Akasema: "Mzee, acha maneno. Nyuma yako kuna ngamia anazaa, na ana shida. Nenda."

Nikamwambia, wewe uko Lafey, umejuaje?

Akasema: "Sikiliza sauti yako mwenyewe."

Nilikimbia kwanza, kusikiliza nilisikiliza baadaye. Lakini nitakwambia sasa kilichokuwamo, kwa sababu nimeisikiliza mara nyingi kuliko nilivyomwambia mtu yeyote. Mimi naongea. Nyuma yangu Deero analia, ile sauti ya chini ya kifuani. Mwanzoni yuko karibu sana, kama kutoka hapa nilipokaa mpaka mlangoni kwenu. Mimi naendelea kumsifu. Yeye analia. Halafu anakuwa mbali kidogo, halafu mbali zaidi. Alipita nyuma ya mgongo wangu, aabo. Alinipitia. Wazee wa Wajir walimsikia, yule wa kwenye theluji alimsikia, Hussein akiwa mpakani kabisa mwa nchi alimsikia. Mtu mmoja tu hakumsikia, na ndiye aliyekuwa karibu naye.

Nilimkuta vichakani amesimama juu ya ndama. Fisi alikuwa amekwisha fika. Nilimfukuza, na nilimrushia fimbo ikampata, hilo niliandike pia. Lakini ndama alikuwa amekwisha kufa. Jike. Shingo ya mama yake.

Hooyo aliporudi nikamweleza yote, sikuficha, maana kulikuwa hakuna pa kuficha, ukoo mzima ulikuwa na ushahidi kwenye simu zao. Alisikiliza mpaka mwisho, akatua mitungi yake ya maziwa, akasema: "Basi mtumie Hussein sauti. Mwambie umeshinda."

Hajawahi kusema neno lingine juu ya jambo lile mbele yangu. Hilo moja lilitosha.

Kilichofuata ndicho ninachotaka ukichukue. Unajua ngamia aliyepoteza ndama hukataa kutoa maziwa. Kiwele kinajaa, anafunga. Na unajua tunavyofanya: ndama akifa huchunwa, ngozi hukaushwa kwa chumvi, na wakati wa kukamua unamwekea mama puani. Ananusa, anajua harufu ya mtoto wake, maziwa yanashuka. Wewe ulikuja likizo ukaishika ile ngozi mwenyewe, mimi nikikamua. Nimefanya hivyo tangu niko mdogo kuliko wewe, na sikuwahi kufikiri chochote. Ni kazi tu.

Lakini mara ile nilimtazama Deero usoni. Alikuwa ameridhika. Alinusa ile ngozi, akalegeza masikio, akatoa maziwa yote aliyokuwa nayo, na alipomaliza akataka kunusa tena. Ndani ya ngozi hamna mtu. Harufu ni ya mtoto, joto hamna, mdomo wa kunyonya hamna. Na maziwa yamekwisha kutoka.

Jioni nikaichukua simu yangu. Ikalia, nikainusa, yaani nikaifungua. Nikasikia sauti za watu wangu, vicheko vyao, ubishi wao. Nikaridhika. Halafu nikaona masikio yangu yamelegea.

Sikukwambia hadithi hii ili nikwambie simu ni mbaya. Mjinga yeyote sokoni atakwambia simu ni mbaya, na atakwambia akiwa ameishika. Subiri, sijamaliza.

Mimi, kwa ukaidi wangu, siku moja nilikasirika na ile ngozi. Nikasema ngamia wangu hadanganywi! Nikaichukua nikaitupa huko, nikaja kumkamua Deero kwa ukweli mtupu. Alinipiga teke. Mwanamume mwingine angelazwa hospitali, mimi nilikaa chini kidogo tu. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu kiwele kilianza kukauka. Hooyo akaja akasimama pale, mkono kiunoni, akasema: "Naam, umemwondolea uongo. Na ukweli uko wapi? Umempa nini?"

Nikaenda kuiokota ngozi.

Ndipo hooyo wako akamtafuta yule ndama yatima wa jirani zetu wa njia ya Masalani, ambaye mama yake alikufa kwa ugonjwa. Tukamvika ngozi ya marehemu mgongoni, tukamleta. Deero akanusa, akashtuka, akanusa tena. Akamwacha anyonye. Baada ya siku kadhaa tukakata kipande cha ngozi, tukaacha kilichobaki. Tukakata tena. Kila tukikata, yeye alikuwa ameizoea harufu ya yule ndama mwenyewe kidogo zaidi. Mwisho kilibaki kipande kama kiganja, kikaanguka chenyewe malishoni, na Deero hakugeuka kukitazama. Alikuwa na ndama.

Ungedhani baada ya hapo nimeelimika. Mkaidi hujifunza jambo moja mara mbili, na mara ya pili huwa kwa gharama ya mtoto wake. Uliporudi kutoka chuo nilifanya nini? Nilikunyang'anya simu nikaificha kwenye zizi la mbuzi, chini ya majani makavu. Ikalia asubuhi, mbuzi wakaruka ua wakatawanyika mpaka barabarani. Ulicheka siku ile, mara moja. Halafu hukucheka tena. Ulikuwa unakaa umeelekea ukuta. Ukiniletea chai ulikuwa unanitazama kama mtu anavyotazama barabara, kuona tu kama kuna gari linakuja. Nilikuwa nimetupa ngozi, na sikuwa nimeleta ndama. Nikakurudishia, nikajifanya nimeiokota.

Halafu ikaja ile mvua. Lile bonde la laga lilijaa maji likakata njia, hata pikipiki haikuweza kupita, na Shukri wa jirani akashikwa na uchungu. Eeddo Dahabo, shangazi wa wote na mkunga wetu, mikono yake siku hizi inatetemeka, akatuma mtu: niitieni yule msichana aliyesoma. Ukasema, mimi sijasoma, mimi nimefeli. Eeddo akajibu kwa sauti tuliyoisikia wote: "Naa, msichana, sijauliza umefaulu, nimeuliza una mikono!"

Ukaingia. Simu yako uliiacha kwangu, kwenye mkeka barazani. Nikakaa na baba wa mtoto, yule kijana amekauka midomo, namsimulia habari za ngamia ili asizirai. Na simu yako ikawa inalia. Inalia, inanyamaza, inawaka, inatetemeka, inatembea yenyewe kwenye mkeka kama kombamwiko. Rafiki zako sijui walikuwa na sherehe gani siku ile. Nikasema labda ni jambo la maana. Nikaichukua nikaenda mpaka mlangoni, nikaita: Hodan! Simu yako!

Ulikuwa umepiga magoti, mkono wako umeshikwa na Shukri, kichwa hukukigeuza. Ukasema: "Simu gani?"

Aabo, hukusema kwa hasira. Hukusema kama mtu anayejizuia. Uliuliza kweli. Ilikuwa imelia tangu adhuhuri hatua chache tu kutoka kwako, na hukuisikia, kama mimi nilivyokosa kumsikia Deero. Nikarudi kwenye mkeka nikakaa. Yule kijana akaniuliza, mzee mbona unalia? Nikamwambia ni moshi. Hakukuwa na moshi, mvua ilikuwa imezima kila kitu. Na kabla ya magharibi mtoto akalia, wakamwita Roble kwa sababu alikuja na mvua, na leo anatambaa mpaka kwetu anakula mchanga wa zizi langu, mchanga bora kuliko wote.

Kwa hiyo hooyo anaposema kabambe, mimi nasema hapana. Mtu aliyeuliza "simu gani" hahitaji kuvuliwa ngozi kwa nguvu. Anahitaji ndama. Na ndama anaye, nimemwona kwa macho yangu.

Lakini sitakudanganya. Huko unakokwenda, mwanzoni hakuna Roble. Kuna kitabu cha mifupa. Kuna mwalimu mwenye sauti ya kulaza watu, na baridi ile, na chumba chenye wasichana usiowajua. Kitabu hakilii, hakikushiki mkono. Na mfukoni kuna kitu kinachonukia nyumbani. Hapo ndipo ulipoanguka mara ya kwanza, na ni mahali penye utelezi kweli, mimi nilianguka pakavu zaidi kuliko hapo.

Nitakwambia kitu kimoja cha mchungaji, ukikitaka ukichukue. Kuchunga ni kuchoka. Watu wa mjini wanadhani sisi tunafurahia upepo. Tunachoka! Kutwa nzima unatazama matako ya ngamia. Baba yangu, nilipokuwa nalalamika, hakuwa ananigombeza. Jioni alikuwa ananiuliza: leo nani katembea tofauti na jana? Basi. Siku ya kwanza sikujua, nikabuni. Akajua nimebuni. Siku iliyofuata nikatazama kwa sababu nilijua nitaulizwa. Nikaona mmoja anavuta mguu wa nyuma. Nilipomwambia, alikwenda akakuta mwiba. Tangu siku ile matako ya ngamia hayakunichosha tena, au yalinichosha kidogo. Mfupa hauwezi kutembea, najua. Lakini kila ukurasa una kitu ambacho jana hukukiona. Ukinipigia Ijumaa sitakuuliza kama umesoma. Nitakuuliza, nani katembea tofauti? Na ukibuni nitajua, sikio langu siku hizi limekuwa kali.

Na utashindwa siku nyingine. Usirudi tena umeinamisha kichwa kwa ajili ya siku moja. Mimi simu yangu sijaitupa. Nikiitupa, nani atawajibu watu wa Lafey? Wakati wa kukamua na wakati wa kuchunga naitundika juu ya mgunga wa zizi, kwenye tawi ambalo mtu wa umri wangu lazima akate shauri kabla ya kupanda. Hata hivyo juzi nilipanda. Hussein alikuwa amesema jambo siku moja kabla ambalo lisingeweza kulala bila jibu. Hooyo akanikuta katikati ya mti, mguu mmoja huku na mmoja kule, akasema, "Mzee, unatafuta asali?" Nikashuka. Ndiyo hivyo. Mtu anapanda, anashuka. Wewe tafuta mgunga wako huko milimani. Sijui huko kuna miti gani.

Mimi leo nina furaha, kama hujui. Nyasi zipo. Binti yangu anakwenda kujifunza kupokea watoto wa watu, na atajua. Hooyo ameanza kunisemesha tena, amenipitia na kikombe sasa hivi na hakukitua kwa kishindo. Amesoma huu mstari begani kwangu, anasema nikuandikie kwamba kabambe itawekwa mkobani hata hivyo, ya akiba. Nimekubali. Nimekubali jambo moja mwaka huu, liandikwe.

Na Deero ana mimba tena. Siku zake zimetimia. Nilimchongea kengele ya mbao mwenyewe, ile yenye sauti nene, hakuna nyingine kama hiyo kwa sababu hakuna mkono mwingine kama huu. Naisikia wakati wote naandika. Ndiyo maana niliketi upande huu na si barazani penye meza. Unaandika mstari, unasikia kengele, unaandika mstari. Ni namna nzuri ya kuandika. Nilikuwa nimejiwekea neno moja kubwa la kumalizia barua, neno la kukumbukwa na wajukuu, na linahusu

Ngoja.

Kengele imehama. Imepita ua upande wa laga, iko peke yake. Inakwenda, inasimama. Inakwenda tena.

Neno litasubiri, na lisiposubiri basi. Uache huo mkoba wazi, aabo, naja kukuita. Tutakaa wote wawili.

Aabo